Kipande cha Gogo Chini ya Mtungi

Ifakara,
Jumamosi, saa saba mchana

Mwanangu Otilia,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi na mama yako, mmepakizana kwenye baiskeli mkicheka, mnakwenda Lupiro kumuaga shangazi yako. Mkirudi na kivuko cha jioni nyumba itajaa watu, na kesho asubuhi ni treni. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja tu. Nimefunga mlango wa mbele, nimewaambia majirani nina homa, na ninaandika haraka kwa mwandiko ambao hata mimi mwenyewe nautilia shaka.

Sitakuandikia habari za masweta wala za kula vizuri wala za kusali. Mama yako amekueleza hayo kwa wiki tatu na bado hajamaliza. Mimi nina jambo moja, na nimelikwepa kwa muda mrefu kiasi kwamba jana mama yako aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia, "Baba Otilia, umwambie wewe kabla hajapanda treni. Usipomwambia nitamwambia mimi, palepale stesheni, watu wakisikia." Unamjua mama yako. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

Ni habari ya ile insha yako.

Unakumbuka ulivyotusomea hapa mezani. Ulikuwa umeiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya kuombea nafasi ya chuo huko Ujerumani, ukawa unatutafsiria sentensi moja moja, umesimama, kidole juu ya karatasi. Uliandika kwamba baba yako alikuwa bwana misitu, kwamba alilinda msitu wa mlima juu ya kijiji chetu cha zamani kwa miaka kumi, na kwamba hakuna mti uliokatwa mlima ule kabla yeye hajapanda kwa miguu yake kwenda kuuona. Uliandika kwamba ndiyo sababu unataka kusoma misitu. Mama yako aliinuka akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Na mimi, mwanangu, nilifanya nini? Nilikurekebisha. Nilisema, "Si miaka kumi, ni kumi na miwili." Ukafuta, ukaandika kumi na miwili.

Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo la kukurekebisha ndilo linaloniamsha. Kosa la kwanza nililifanya nikiwa kijana na mvivu. Hili nililifanya nikiwa na mvi, nikikutazama usoni.

Sasa chuo kimekuandikia tena. Ulinisomea barua yao wiki iliyopita: wiki ya kwanza kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenzake na walimu, aeleze msitu mmoja wa kwao na jinsi ulivyotunzwa. Umeshaandaa. Umechukua picha yangu ya kaki, ile nimevaa sare ya kazi na nimeshika nyundo, umeiweka kwenye bahasha ngumu isije ikakunjika. Utasimama mbele ya watu usiowajua na kuwaambia kitu ambacho si kweli, nao watakuamini, kwa sababu wewe unakiamini. Sitaki upande treni na picha ile bila kujua umebeba nini.

Acha nikueleze kazi ya nyundo, maana ulikuwa mdogo. Ile nyundo ilikuwa na uso mmoja wa kawaida na uso mwingine wenye herufi mbili na namba. Namba yangu ilikuwa kumi na saba. Mpasuaji mbao akiwa na kibali, bwana misitu anapanda naye mlimani. Anautazama mti ukiwa bado umesimama. Anaangalia kama uko kando ya kijito, maana wa kando ya kijito hauguswi. Anaangalia kama ni mti mama, yaani ule unaotoa mbegu kwa eneo lote, maana huo nao hauguswi. Akiridhika, unaangushwa, naye anagonga nyundo mara mbili: kwenye kisiki na kwenye kichwa cha gogo. Kisiki na gogo vikiwa na namba moja, kila mtu barabarani anajua mti ule uliangushwa kihalali. Nyundo haitoki mkononi mwa bwana misitu. Mzee aliyenikabidhi kazi alisema kuliko kuiazimisha ni afadhali niazimishe meno yangu.

Miaka miwili ya mwanzo nilipanda. Hilo ni kweli, na ningependa uliweke akilini. Nilipanda mvua na jua, nikakataza mivule isikatwe, hata nikapata maadui.

Halafu alikuja Kasiani. Alikuwa kiongozi wa wapasuaji, mtu wa maneno matamu, anayejua kukuita cheo chako hata pale usipostahili. Siku hiyo jua lilikuwa kali na goti langu lilikuwa limeanza matata. Tulifika nusu ya mlima, pale penye jiwe bapa, akanitandikia gunia. Akasema, "Bwana Misitu, wewe kaa hapa upumzike, vijana wakuchemshie chai. Tupe nyundo tu. Miti ni mitatu, tutagonga, tutakurudishia kabla ya jioni."

Ningependa kukuambia kwamba kulikuwa na mgonjwa nyumbani. Nimemtafuta huyo mgonjwa kichwani mwangu kwa miaka mingi, maana ningempata ningepumua. Hakukuwa na mgonjwa. Hakukuwa na njaa. Wala hakunihonga, usifikirie hivyo. Nilichoka kupanda, na nilipenda kuletewa chai. Ni hilo tu, Otilia. Nilimpa.

Jioni nyundo ilirudi, imefutwa vizuri. Nikafungua daftari la ofisi nikamwuliza, "Mingapi?" Akasema, "Mivule miwili, mkangazi mmoja, yote mbali na maji." Nikaandika: yote mbali na maji. Mara ya pili sikufika hata kwenye jiwe bapa. Mara ya tatu nyundo ililala kambini kwao. Baadaye ikawa inakaa huko wiki nzima, na mimi niko nyumbani nakufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, nikijiona baba bora kuliko wote pale kijijini.

Na daftari lilikuwa safi. Hapo ndipo pa kupatazama, mwanangu, kwa sababu wewe unakwenda kusoma misitu kwenye karatasi. Mkaguzi alikuja, akafananisha namba za magogo na namba za visiki nilizoandika, zikaoana zote. Akasema hajaona daftari safi kama lile. Ile barua ya pongezi iliyoko ukutani, ile unayoipangusa vumbi kila likizo, ilitokana na siku ile. Yeye pia hakupanda. Alikuwa na viatu vya ofisini.

Nilijua? Nilijua. Si yote, lakini nilijua. Kijito kilianza kubadilika rangi mvua zikinyesha. Wakati wa kiangazi kijito kikawa kinakauka mapema. Mama yako aliyekuwa akichota maji akaniuliza, "Huko juu kunafanyika nini?" Nikamjibu kama mtaalamu, nikamwambia hali ya hewa haitabiriki siku hizi. Akajitwisha ndoo, akaenda zake.

Kisha ikaja ile mvua ya elinino, wewe uko bweni. Ulirudi likizo ukakuta tumehamia huku Ifakara, tukakuambia nyumba ilikuwa imechoka. Sasa sikia ilivyokuwa. Maji yalishuka alfajiri. Hayakushuka peke yake, yalishuka na magogo, yale ambayo Kasiani na watu wake waliyaangusha wakakuta yana tundu ndani, wakayaacha yalale kando ya kijito kwa miaka. Yalikwama kwenye daraja dogo la barabarani, maji yakakosa njia, yakageukia nyumbani kwa jirani yetu Mama Joha. Yeye na wajukuu wake wawili walipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo, wakakaa pale wameshikana tangu alfajiri mpaka karibu adhuhuri. Nyumba ilikwenda. Shamba lake la mpunga lilifukiwa na mchanga unaofika magotini, na mpaka leo halioti kitu zaidi ya matete. Ndiyo maana alihamia kwa ndugu zake Mofu.

Nilikwenda na wengine kuwashusha. Joha mdogo, mmoja wa wale wajukuu, alinishika shingo akakataa kuniachia. Na palipokuwa jiko la bibi yake lilikuwa limelala gogo la mvule, kichwa kimenielekea mimi. Herufi mbili, kumi na saba.

Huo mvule sikuwahi kuuona ukiwa umesimama.

Watu wote walisema ni elinino. Redio ilisema elinino, mwenyekiti wa kijiji alisema elinino, na ni kweli ilikuwa elinino, mvua ile haikuwa ya kawaida. Mimi nikaichukua elinino nikajifunika nayo gubigubi. Nilisema nitasaidia kupasua lile gogo ili Mama Joha apate kuni na nafasi. Nilileta msumeno, na kitu cha kwanza kukata kilikuwa kile kichwa chenye alama, kipande kifupi kama kigoda. Nikakibeba nyumbani kwenye gunia. Mama Joha alinishukuru, Otilia. Na nguo zake zimelowa, alinishukuru kwa moyo mwema.

Mama yako aliniona nikikitoa kwenye gunia. Akauliza, "Hicho cha nini?" Nikasema cha kuwekea mtungi. Akakipindua, akaitazama ile alama. Miaka yote alikuwa akifua mfuko wa ile nyundo, hakuhitaji kuelezwa. Akakirudisha kifudifudi, akaweka mtungi juu yake, na tangu siku hiyo hakulitaja mpaka jana jikoni. Ndicho kile kipande cha gogo kilichoko pale pembeni ya mlango. Umeteka maji juu yake likizo zote hizi.

Na juzi Mama Joha kakutumia mkeka kutoka Mofu. Ulinisomea ile karatasi aliyomwandikisha mjukuu wake, kwamba baba yako alitulindia msitu, nawe nenda ukajifunze kutulindia zaidi. Ukalia kidogo. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Mkeka uko kwenye begi lako sasa hivi, chini ya koti.

Basi Jumatano nilisema nakwenda Mang'ula kwenye kikao cha wastaafu. Hakukuwa na kikao. Nilishuka kule kijijini kwetu nikapanda ule mlima. Nilianza asubuhi, na kwa goti hili nilifika kwenye lile jiwe bapa jua likiwa kichwani. Sikukaa. Nilisimama tu nikalitazama, nikaendelea. Nilikuwa na daftari lako la zamani la hesabu ambalo lilibaki na kurasa tupu, na penseli.

Nimehesabu visiki arobaini na kimoja vyenye namba yangu. Nikikumbuka vizuri, miti niliyoiona kwa macho yangu kabla haijaanguka ni sita. Visiki kumi na tisa viko kando ya kijito kabisa, vingine mizizi yake inaning'inia juu ya maji yasiyokuwepo. Nimeandika kila kimoja: aina ya mti, umbali kutoka kijitoni kwa hatua, na kinachoota karibu yake. Miche ya mikangazi nimeiona, mingi sehemu moja, mingine imenizidi urefu. Mche wa mvule sikuona hata mmoja. Nilizunguka mpaka nikachoka, nikakaa chini nikaelewa: mti mama wao ndio ule uliokuja kulala jikoni kwa Mama Joha.

Nilikaa pale nikalia, na usimwambie mama yako, ingawa nadhani anajua.

Sasa nikuambie ninavyofikiri kuhusu huko unakokwenda, ingawa sijafika wala sitafika. Kile kijitabu cha chuo ulichotutafsiria nimekifikiria sana. Umesema huko walipanda misitu ya mti wa aina moja, mistari mirefu iliyonyooka, kwa sababu ulikua upesi na kuvunwa kwa urahisi. Sasa majira ya baridi hayana baridi ya zamani, wadudu waliokuwa wakifa kwa barafu hawafi, wanakula miti chini ya magome, na upepo mkubwa ukija unailaza miti mistari mizima. Ndiyo wanahangaika kuchanganya miti, kuacha mizee, kuacha mingine ioze palepale. Ulisema walimu wako ni mabingwa wa mambo hayo, nami naamini. Lakini nilipokusikia nilimfikiria mtu mmoja tu: yule bwana misitu wa huko aliyesimama zamani kwenye kilima, akajua ndani ya moyo wake kwamba aina moja haitoshi, halafu akachoka, au akaitwa kunywa chai, akatia saini. Nilimwonea huruma kama ndugu. Na leo nina hakika yupo anayesema ni hali ya hewa, ni upepo. Atakuwa anasema kweli, kama mimi nilivyosema kweli kuhusu elinino.

Utakutana naye sana huyo. Atakuwa na daftari safi. Usimdharau, lakini panda naye mpaka juu, na chai mkanywe mkishashuka. Hata hapa kwetu bondeni umeiona ile mitiki inayopandwa, mistari kwa mistari, inapendeza macho. Sijui kama ni vibaya. Wewe ndiye utakayenieleza ukirudi, na nitataka kujua kama umeiona kwa macho au umesoma mahali.

Nimeangalia saa, ni saa kumi kasoro. Kivuko cha mwisho hakijavuka bado.

Naogopa mambo mawili, nayasema wazi. Naogopa utasema huendi tena, kwamba nafasi hii umeipata kwa uongo. Hukuipata kwa uongo wako. Uongo ni wangu, na ulifaulu mitihani yako mwenyewe ukiwa na malaria. Nenda. La pili ni dogo na la kibinafsi: naogopa kesho stesheni utanipa mkono kama unavyompa mgeni, useme shikamoo, basi. Kama itakuwa hivyo nitaitikia marahaba na sitakulaumu.

Daftari la visiki nimelifunga na barua hii. Ukitaka, huo ndio msitu wa kwenu na ndivyo ulivyotunzwa. Wasomee hivyo hivyo, na jina langu ulitaje. Picha ya kaki ubaki nayo au uichane, ni yako. Mama Joha usimwandikie, hilo si lako. Jumatatu, ukiwa umeshaondoka, nitapanda baiskeli kwenda Mofu, nimweleze mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Asiponikaribisha ndani atakuwa na haki.

Nimeshusha mtungi nimeuweka sakafuni. Kile kipande cha gogo nimekigeuza, alama inaangalia juu, na barua nitaiweka hapo juu yake ili uione alama kabla hujasoma neno. Unga wa mti ulikuwa umejaa kwenye ile kumi na saba, nimeutoa kwa msumari ili isomeke vizuri.

Jua linashuka sasa, nasikia kengele ya baiskeli kona ya kwa fundi cherehani, na mama yako anasalimia watu kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Ananipa muda nimalize. Mimi nitakuwa uani, kwenye kile kibenchi. Uniulize chochote, hata mbele ya wageni. Goti linaniuma tangu Jumatano, hata nikitaka kukukimbia siwezi.

Baba yako